Safari ya Morogoro: Somo la Shamba Safi na Biashara ya Jamii

Kamati yenu iliamua kwamba watu wanne wa chama chetu, wanaume wawili na wanawake wawili, wende bara kulala usiku mmoja katika shamba la mafunzo lililo nje ya mji wa Morogoro. Huko watu hufundishwa kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, na pamoja na hicho hufundishwa jambo ambalo wenyewe huliita biashara ya jamii. Tumekwenda na tumerudi salama, Alhamdulillahi. Gharama ya safari imelipwa na mfuko wa chama, yaani fedha zenu, basi ni haki yenu kupata khabari ya tuliyoyaona, na hasa ya yale ambayo twadhani yaweza kutufaa au hayawezi.

Tunajua wako watakaouliza: Je, sisi wenye karafuu tangu enzi za Sayyid Said twende kufundishwa na watu wa Morogoro? Jawabu ni kwamba katika milima ya Uluguru, kule Matombo na Kinole, mikarafuu inapandwa na inazaa, pamoja na mdalasini, iliki na pilipili manga. Karafuu si ya visiwa peke yake tena, wala kwa kweli haikuwa yetu tangu asili, kwani kwao ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na Indonesia mpaka leo huvuna nyingi kupita nchi yo yote. Mnunuzi wa ng'ambo ana pengi pa kwenda.

Safari yenyewe haina mengi ya kuelezwa. Tulipanda boti Mkoani, tukalala Unguja, tukavuka Dar es Salaam, na kutoka hapo tulichukua ile treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Mzee mmoja wetu aliyekwenda Morogoro zamani kwa basi alikuwa hajamaliza kutusimulia taabu za safari ile, mara tukaambiwa tuteremke, tumefika.

Tulifika shambani baada ya adhuhuri. Mwalimu wetu alikuwa binti kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mwenye adabu na mwenye kujua kazi yake. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, kisha akatupeleka moja kwa moja kwenye biwi la mboji.

Mboji si jambo geni kwetu, lakini wengi wetu twalundika taka tu na kungoja. Pale hupangwa. Chini huwekwa vijiti ili hewa ipite, kisha majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo wa juu, halafu hurudiwa vivyo hivyo mpaka biwi lifike kifuani mwa mtu. Kila tabaka hunyunyizwa maji, na juu hufunikwa kwa makuti au majani ya mgomba. Kisha huchomekwa kijiti kirefu mpaka katikati, na kijiti hicho ndicho kipimo. Baada ya siku chache ukikichomoa kikiwa cha moto na kibichi, biwi linafanya kazi. Kikiwa cha baridi, kuna jambo limekosekana, pengine samadi au majani mabichi. Kikiwa na unga mweupe wa ukungu, biwi limekauka, lataka maji. Baada ya wiki tatu hivi hupinduliwa, na yapata miezi mitatu huwa tayari, nyeusi, haina harufu mbaya. Sisi tuna ng'ombe wamefungwa chini ya minazi kila mahali, na samadi yao huoshwa na mvua ikenda bondeni. Mwenye miche ya mikarafuu ambayo haijashika vizuri hana haja ya kwenda dukani.

Jambo la pili lilikuwa kipimo cha mteremko. Ni fito mbili zilizofungwa kwa juu mfano wa herufi A, na ufito wa tatu umepita katikati, na jiwe limening'inizwa kwa kamba kutoka kileleni. Ukikisimamisha mahali na kamba ikapita katikati ya ule ufito wa tatu, basi miguu yote miwili iko sawasawa, na mstari huo ndio wa kupanda majani ya tembo au kuchimba kinga maji. Gharama yake ni kamba tu. Nchi yetu ni vilima na mabonde, na kila masika udongo wa juu huteremka mpaka kwenye mpunga wa jirani. Bwana Shamba wetu ameombwa atuonyeshe kipimo hiki katika kila shehia, naye amekubali.

Lakini hayo ni mambo ya jembe, nasi hatukupelekwa kwa ajili ya jembe peke yake. Somo kubwa lilikuwa baada ya sala ya isha, tulipokaa barazani na mwalimu akatueleza biashara ya jamii ni nini.

Alisema ni biashara kama biashara nyingine: hununua, huuza, huweka hesabu, na yaweza kupata hasara. Tofauti yake ni kwamba imeanzishwa ili kuondoa shida fulani ya watu, na sehemu ya faida hairudi mfukoni mwa mtu bali hurudi kwenye kazi ile ile. Sisi tuliposikia hivyo tulikumbuka wakfu. Mtu akiuwekea msikiti wakfu wa minazi, minazi haiuzwi wala hairithiwi, ila nazi zake hununua mafuta ya taa na majamvi. Mwalimu alifurahi kwa mfano huo, lakini akasema kuna tofauti moja. Wakfu hutolewa na mtu mmoja mwenye mali. Biashara ya jamii huanzishwa na watu wengi wasio na mali, na minazi yenyewe huwa haijapandwa bado.

Mzee wetu akamwuliza, "Mwanangu, ikiwa faida haigawanywi, nani atakayejitesa?" Mwalimu akamjibu, "Babu, mkulima hulipwa bei nzuri zaidi siku anapoleta mazao. Hiyo ndiyo sehemu yake. Inayobaki baada ya bei hiyo ndiyo ya kazi." Mzee akanyamaza. Siku ya pili, tukiwa njiani, alituambia kwamba jawabu lile ni zuri, ila litamstahimili mwenye akiba nyumbani, si mwenye kudaiwa dukani. Neno hilo ni la kweli, na kamati haina budi kulikumbuka.

Kisha akatupa mfano wa Misri, nao ulituvutia mno, hata baada ya kurudi tukautafuta na kuusoma zaidi. Mwaka 1977 Dr. Ibrahim Abouleish, Mmisri aliyesoma na kufanya kazi Austria katika mambo ya dawa, alirejea kwao akachukua hekta 70 za jangwa, yaani ekari 170 na zaidi, karibu na Belbes, kiasi cha kilomita 60 kutoka Cairo. Hakuchagua ardhi nzuri ya bonde la Nile, ingawa iliweko. Alichimba visima, akapanda miti kuzunguka ili kuzuia upepo na mchanga, akafuga ng'ombe kwa ajili ya mboji, na shamba akaliita Sekem. Alianza kwa kuuza majani ya dawa na chai ya majani, na kutokana na faida ya hayo zikaja shule, zahanati, na mafunzo ya kazi kwa vijana wa vijiji vya pale. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo walisoma pamoja. Baadaye kikaja chuo kikuu, nacho kinaitwa Heliopolis. Mwaka 2003 Sekem na mwanzilishi wake walipewa tuzo ya Right Livelihood. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2017, na kazi inaendelea.

Mambo mawili katika khabari hiyo twataka myazingatie. La kwanza ni pamba. Zamani pamba ya Misri ilikuwa ikimwagiwa dawa kwa ndege, na dawa hiyo ilianguka kila mahali, hata juu ya mashamba ya mtu asiyetaka dawa. Sekem hawakuishia kulalamika. Walijaribu njia nyingine katika mashamba machache, wakitumia harufu ya nondo jike ili kumpoteza dume asimwone mwenziwe, wakaandika hesabu za mavuno, kisha wakazipeleka serikalini. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Misri iliacha kumwaga dawa kwa ndege juu ya pamba. Kilichoibadilisha Serikali ni daftari lenye hesabu.

La pili ni maneno ya watu. Ilienea khabari kwamba watu wa Sekem wanaabudu jua, kwa sababu ya jina la kigeni na mambo mapya waliyoyaleta. Abouleish hakugombana nao. Aliwaita wakubwa na mashekhe wa pale, akawakalisha, akawaeleza kila analolifanya shambani na asili yake katika dini, nao wakaondoka wakiwa rafiki. Sisi hatutashutumiwa kuabudu jua, lakini siku tutakapoanza kuandikisha mashamba tutaambiwa twataka kuwapokonya watu mikarafuu yao. Basi na tuwaite wazee kabla hayo hayajasemwa, si baada yake.

Mwalimu alitaja pia Songhai, shamba la mafunzo lililoanzishwa na padri Godfrey Nzamujo huko Porto-Novo, Benin, mwaka 1985, ambako taka ya kazi moja huwa chakula cha kazi nyingine, hata mabuu ya nzi hulishwa samaki. Bibi zetu wawili walicheka sana kwa habari ya mabuu, lakini mmoja wao ameshaanza kuuliza hapa ni nani mwenye bwawa.

Sasa twaja kwenye hesabu, na hapa twaomba msome pole pole.

Asubuhi yake mwalimu alitupa ubao na chaki akatuambia tujifanyie hesabu wenyewe. Tarakimu hizi ni za mfano tu, asije mtu akasema katibu ameahidi bei. Tuseme gharama ya kukaguliwa na kupata cheti cha kilimo hai, pamoja na wakaguzi wetu wenyewe na madaftari, ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Tuseme mnunuzi amekubali kuongeza shilingi 500 kwa kila kilo yenye cheti. Basi ni lazima tuuze kilo 12,000 za karafuu kavu kabla hatujapata hata senti moja. Wakijiandikisha wanachama 40, na kila mmoja akavuna kilo 200 kavu, jumla ni kilo 8,000, ongezeko ni shilingi 4,000,000, na tumepungukiwa na 2,000,000. Wakijiandikisha 80, jumla ni kilo 16,000, ongezeko ni 8,000,000, na baki ni 2,000,000.

Hapo tulifurahi, tukadhani somo limekwisha. Mwalimu akauliza, "Mikarafuu yenu huzaa sawasawa kila mwaka?" Tukatazamana. Nyote mwajua kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka unaofuata waweza kupumzika. Tuseme mwaka wa pili mavuno ni nusu. Wanachama ni wale wale 80, karafuu ni kilo 8,000, na mkaguzi wa cheti hapunguzi malipo yake kwa kuwa mti umepumzika. Tumepungukiwa na 2,000,000 kamili, na ile baki ya mwaka wa kwanza ndiyo peke yake iwezayo kuziba. Ikiwa tuliigawa kwa ajili ya sikukuu, cheti kimekufa, na ili kukirudisha lazima tuanze upya. Kwa maoni yetu hesabu hii peke yake imelipa nauli ya safari nzima. Ile sehemu ya faida isiyogawanywa, ambayo mzee wetu aliiulizia, kwa watu wenye mikarafuu ndiyo inayokiweka chama hai katika mwaka mbaya.

Kanuni za Ulaya za kilimo hai, nambari 848 ya mwaka 2018, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, zinaruhusu wakulima wadogo wapate cheti kwa kundi, lakini kwa masharti. Kundi liwe limesajiliwa kwa sheria na lisipite watu 2,000. Wanachama wawe wadogo kwelikweli, na mwenye shamba lisilozidi hekta 5 anahesabiwa miongoni mwao. Wawe wanakaa karibu karibu, na wauze kwa pamoja. Kundi liwe na ukaguzi wake lenyewe, kila shamba litazamwe kila mwaka na kuandikwa, kisha mkaguzi wa nje huja na kurudia kutazama mashamba 5 katika kila 100, na yasipungue 10. Na kwa mti wa kudumu kama mkarafuu, shamba hutakiwa kukaa miaka mitatu bila dawa iliyokatazwa kabla ya mavuno kuuzwa kwa jina hilo, isipokuwa pakiwa na ushahidi mzuri kwamba hapakutumika kitu hapo zamani.

Wengi watasema, "Sisi hatutumii dawa, tumeshafuzu." Si kweli kwa wote. Wako waliokwisha anza kutumia dawa ya kuulia magugu kusafisha chini ya mikarafuu wakati wa mavuno unapokaribia, kwa kuwa vibarua wa kulima wamekuwa ghali. Na hata asiyetumia, mwalimu alituambia jambo ambalo hatukulitarajia, kwamba usafi wa karafuu haupotei sana mtini. Hupotea inapoanikwa na inapotiwa guniani. Karafuu iliyoanikwa pembeni mwa barabara ya lami inapata mafuta na moshi wa magari. Karafuu iliyotiwa katika gunia lililokuwa na mbolea ya dukani inachukua ile mbolea. Karafuu iliyowekwa chumba kimoja na kopo la dawa ya mchwa imeharibika. Kilo tatu mbichi mwanachama anazihangaikia kwa siku nne au tano juani ili apate moja kavu, na gunia moja bovu laweza kuzikataza zote. Majamvi na gunia jipya ni kazi ndogo kuliko kubadili shamba, na twaona hapo ndipo pa kuanzia.

Lililo gumu kuliko yote mwalimu hakulijua, kwa kuwa si mtu wa kwetu. Ni muhali. Mkaguzi wetu atakuwa ni mwanachama mwenzetu. Atafika shambani kwa shemeji yake, ataona chupa ya dawa chini ya mti, naye amekaribishwa madafu. Ataandika? Tulipomweleza mwalimu alifikiri kitambo, kisha akasema kwamba mahali pengine mkaguzi hutolewa kijiji cha mbali na hubadilishwa kila mwaka, na aliyeonekana na kosa hasemwi mkutanoni bali huandikiwa barua na kupewa muda. Twaona hiyo ni njia ya heshima. Mtu wa Wete akague Mkoani, na wa Mkoani akague Micheweni. Hata hivyo hatuamini kwamba muhali utakwisha kwa kanuni. Utakwisha, au utapungua, siku wanachama watakapoelewa kwamba shamba moja lililofichwa laweza kuwapotezea cheti watu 80, na aliyeficha atakuwa amewanyima jirani zake 79 haki yao.

Bibi mmoja kati yetu hakukubaliana na wenziwe juu ya wapi pa kuanzia, na ni haki maoni yake yaandikwe. Yeye asema tuache karafuu kwanza. Karafuu zetu twaziuza kwa Shirika la ZSTC, na bila ya Shirika kukubali kwa maandishi kwamba litaongeza bei kwa karafuu yenye cheti, hesabu yote ya ubaoni ni chaki tu. Ashauri tuanze na mdalasini, pilipili manga, tangawizi na manjano, ambavyo mwanachama anaweza kuwauzia wenye mahoteli Unguja. Kwa soko la hapa hapa ipo alama ya Kilimohai, inayofuata kanuni za kilimo hai za Afrika Mashariki zilizopitishwa mwaka 2007, na wakulima wanaweza kuipata kwa mpango wa kukaguana wenyewe kwa wenyewe, kwa gharama ndogo sana kuliko cheti cha ng'ambo. Asema tukishindwa kukaguana kwa tangawizi, hatutaweza kwa karafuu, na hasara itakuwa ndogo. Sisi wengine watatu twaona yafaa kupeleka barua kwa Shirika sasa hivi ili miaka ile mitatu ianze kuhesabiwa, na tangawizi iende sambamba. Mkutano mkuu ndio utakaoamua.

Daftari limeshafunguliwa ofisini, na mhazini analo kila asubuhi isipokuwa Ijumaa. Mwanachama atakayekuja kujiandikisha ataulizwa mambo matano: ana mikarafuu mingapi na iko wapi, nani amepakana naye, ametumia dawa au mbolea gani katika miaka mitatu iliyopita, anaanika wapi, na magunia yake anayapata wapi. Anayetumia dawa naye aje aseme, hatakataliwa, jina lake litaandikwa katika ukurasa wake mbali. Mpaka tunapokwenda kupiga chapa wamejiandikisha wanachama 31.